Uzima wa Msitu: Namna Msitu wa Mvua wa Kongo Unavyopimwa na Kufuatiliwa

1. Utangulizi

Neno mzima katika Kiswahili lina maana tatu zilizo jirani. Mtu mzima ni yule aliyekwisha komaa. Mtu mzima ni yule asiyeugua. Tena kitu kizima, kama chungu au mkate, ni kile ambacho hakijavunjika wala kumegwa. Maana hizo tatu hukutana katika neno uzima, ambalo ni uhai, ni afya, na ni ukamilifu kwa wakati mmoja. Wataalamu wa ekolojia wanapouliza kama msitu una afya, huuliza mambo hayo hayo matatu. Je, msitu una miti iliyokomaa pamoja na ile inayoinukia kuirithi? Je, unakua au unadhoofika? Je, viumbe vyote vinavyopaswa kuwamo vingalimo?

Makala haya yanakusudia kueleza namna maswali hayo yanavyojibiwa katika msitu wa mvua wa Bonde la Kongo. Kwa ukubwa msitu huu ni wa pili duniani baada ya ule wa Amazon, na zaidi ya nusu yake imo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mifano imechukuliwa hasa Yangambi, Epulu na pande za Kisangani. Mmoja unatoka nchi jirani ya Gaboni. Hoja inayotetewa ni kwamba uzima wa msitu haujulikani kwa ziara moja. Hujulikana kwa kurudi mahali pale pale, kwenye miti ile ile, kwa miaka mingi. Tena kurudi huko hakukamiliki mpaka matokeo nayo yawarudie wakazi wa msitu katika lugha wanayoielewa.

2. Kwa nini kuona hakutoshi

Msafiri atokaye Kisangani kwenda Mambasa hupita muda mrefu kati ya kuta mbili za majani. Akiulizwa hali ya msitu, atajibu kwamba ni mzima, kwa sababu ni wa kijani na umesimama. Jibu lake linaweza kuwa sahihi, lakini macho yake hayampi haki ya kulitoa. Mambo matatu yanaweza kumdanganya.

Jambo la kwanza ni ujana wa msitu. Shamba likiachwa, mti wa kwanza kuinuka mara nyingi ni Musanga cecropioides, ambao Wakongo wengi huuita parasolie kwa sababu majani yake hutanda kama mwavuli. Mti huu hukua kwa haraka mno, nao hufa baada ya miaka ipatayo 20. Kwa mbali parasolie nyingi zikiwa pamoja hufanana na msitu, na kwa hakika ni mwanzo wa msitu. Lakini hazina mbao ngumu, wala mashimo ya nyuki, wala wingi wa jamii za miti ambao huhitaji karne kupatikana.

Jambo la pili ni kukosekana kwa watoto. Afrormosia, yaani Pericopsis elata, ni mti wa thamani unaopatikana katika misitu ya pande za Kisangani, na tangu 1992 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mti huu hupenda mwanga; miche yake haistahimili kivuli kizito. Kwa hiyo katika sehemu nyingi huonekana wazee warefu wenye afya njema, na chini yao hakuna mrithi. Anayeutazama mti mmoja mmoja hataona ugonjwa wowote. Anayehesabu rika zote ataona jamii inayozeeka bila kuzaa.

Jambo la tatu ni ukimya. Mwaka 1992 mtaalamu wa Marekani Kent Redford aliandika juu ya msitu mtupu, yaani msitu ambao miti yake yote imesimama lakini wanyama wakubwa wamekwisha windwa. Hali hiyo si hasara ya wanyama peke yao. Matunda ya Balanites wilsoniana, kwa mfano, humezwa na tembo, na mbegu zake huachwa mbali na mti mama. Tembo akiondoka, matunda huoza mahali yalipoangukia. Uchunguzi uliotangazwa 2013 ulionyesha kwamba tembo wa misitu ya Afrika ya Kati walipungua kwa asilimia 62 kati ya 2002 na 2011. Miti iliyopandwa na tembo wa zamani itaendelea kusimama kwa miaka mingi, na msafiri ataendelea kuiona.

3. Kiwanja cha kudumu

Kifaa kikuu cha kufuatilia uzima wa msitu ni kipande cha msitu kilichopimwa na kuwekewa mipaka, ambacho hapa kitaitwa kiwanja cha kudumu. Mara nyingi ukubwa wake ni hekta moja, yaani mita 100 kwa 100, nacho hugawanywa katika miraba 25 yenye mita 20 kila upande. Kila mti uliofikia unene uliowekwa, kwa kawaida kipenyo cha sentimita 10, hupewa namba iliyochorwa juu ya kibati cha alumini. Huandikwa jina lake, mahali ulipo, na kipenyo chake. Baada ya miaka kadhaa, kwa kawaida mitano, watafiti hurudi. Miti iliyo hai hupimwa upya. Iliyokufa huandikwa, na hutajwa kama imekufa ikiwa imesimama, imevunjika au imeng'oka. Na michanga iliyofikia unene uliowekwa huingizwa katika daftari kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kila kiwanja kina kitabu cha vizazi na vifo, kama kile cha ofisi ya raia.

Kazi hii huonekana nyepesi, lakini usahihi wake ni mgumu. Unene hupimwa kwa utepe kwenye urefu wa mita 1.30 kutoka ardhini, na mahali hapo huchorwa mstari wa rangi ili atakayekuja baadaye asipotee. Chukua mti wenye kipenyo cha sentimita 30, ambao kila mwaka huongezeka milimita 2. Mzingo wake ni karibu sentimita 94. Baada ya miaka mitano kipenyo kitakuwa sentimita 31, na mzingo karibu sentimita 97. Tofauti yote ni sentimita 3. Sasa mpimaji akiuteremsha utepe hadi mahali ambapo shina limetanuka kwa sentimita 3 nyingine, mti utaonekana umekua maradufu. Akifanya hivyo kwa miti mingi, nchi nzima inaweza kudhani kwamba msitu wake una nguvu ambazo haunazo. Miti yenye mizizi iliyopanuka kama mbao kando ya shina huleta taabu zaidi: lazima ipimwe juu ya mizizi hiyo, hata ikibidi kutumia ngazi, na urefu wa mahali pa kupimia uandikwe. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mwenye kujaza asipokuwa mwangalifu, hatajua kibaba kimejaa nafaka au makapi.

Utaratibu huu hujibu maswali mawili kati ya yale matatu ya mwanzo. Rika za miti huonyesha kama kuna warithi. Ukuaji na vifo huonyesha kama msitu unapata nguvu au unazipoteza. Tena, kwa kuwa karibu nusu ya uzito mkavu wa mti ni kaboni, hesabu hiyo hiyo humwezesha mtafiti kukadiria kiasi cha hewa ya ukaa ambacho msitu umekifyonza kutoka angani na kukihifadhi katika mashina yake.

4. Yangambi: daftari na mnara

Yangambi iko kando ya mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 chini ya Kisangani. Hapo ndipo taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakoloni wa Kibelgiji, INEAC, iliyoundwa 1933, iliweka makao yake makubwa. Leo kituo ni cha INERA, taasisi ya taifa. Hebaria ya Yangambi ina sampuli za mimea zaidi ya 100,000, na bila sampuli hizo kulipatia jina sahihi jani lililookotwa porini kungekuwa kazi ya kubahatisha.

Hazina nyingine ya Yangambi ilikaa kimya kwa muda mrefu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950, miti ipatayo 2,000 ilitazamwa kwa vipindi vifupi vya kurudiarudia. Kwa kila mti yaliandikwa majira ya kutoa maua, ya kuzaa matunda, ya kupukutisha majani na ya kuchipua tena. Kazi hiyo ya kila siku, ya kutembea na kutazama, ilitegemea wafanyakazi Wakongo walioijua miti. Majedwali yalibaki katika karatasi. Miongo kadhaa baadaye yalipigwa picha, na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali walisaidia kuyanakili kwa kompyuta katika mradi uitwao Jungle Rhythms. Hivyo watafiti wa leo wamepata kalenda ya msitu jinsi ilivyokuwa kabla ya joto la dunia kupanda hadi kilipo sasa, wakaweza kuilinganisha na yanayoonekana leo. Walioandika hawakujua swali ambalo daftari zao zingejibu. Waliandika kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliodumu.

Tangu 2020 Yangambi ina pia mnara wenye urefu wa mita 55, uitwao CongoFlux, ambao ni wa kwanza wa aina yake katika Bonde la Kongo. Vifaa vilivyo juu yake hupima mwendo wa upepo na kiasi cha hewa ya ukaa mara nyingi katika kila sekunde. Mchana majani huivuta hewa hiyo. Usiku msitu wote, pamoja na udongo, huitoa. Kiwanja cha kudumu huonyesha matokeo ya miaka mitano, nao mnara huonyesha pumzi ya msitu saa kwa saa. Vyote viwili vinahitajiana, kama vile mganga anavyohitaji kusikiliza kifua cha mgonjwa na kujua pia historia ya maradhi yake.

5. Lenda na Edoro: kupima katikati ya misukosuko

Hifadhi ya Okapi, katika msitu wa Ituri, iliundwa 1992. Mwaka 1996 iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na 1997 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ndani yake, katika sehemu ziitwazo Lenda na Edoro, watafiti wa kituo cha CEFRECOF cha Epulu na washirika wao walianza mwaka 1994 kuhesabu viwanja vinne vya hekta 10 kila kimoja. Hapo hawakuishia kwenye miti minene. Kila mti uliofikia kipenyo cha sentimita moja, yaani unene wa kidole, ulipewa namba. Hata mimea itambaayo juu ya miti mingine ilihesabiwa.

Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu. Lenda ni msitu wa mbau, Gilbertiodendron dewevrei. Jina hilo lisichanganywe na neno mbao. Mbau hutawala peke yake eneo kubwa, na mbegu zake nzito huanguka karibu na mti mama. Edoro ni msitu wa mchanganyiko, ingawa humo pia Julbernardia seretii na Cynometra alexandri ni nyingi. Misitu miwili iliyo karibu, yenye mvua ileile, na sura mbili: kwa kuifuatilia pamoja inawezekana kujua mabadiliko yapi yanatokana na hali ya hewa ya wote, na yapi yanatokana na tabia ya mti mmoja.

Hesabu ya kwanza ilimalizika 1996, mwaka ambao vita vilianza mashariki ya nchi. Vingine vilianza 1998 na kuendelea hadi 2003. Hata hivyo miti ilihesabiwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mara nyingine baadaye. Juni 2012 watu wenye silaha walikishambulia kituo cha Epulu, wakaua watu pamoja na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo. Mambo hayo yanatajwa hapa kwa sababu yanahusu kipimo chenyewe. Namba iliyoandikwa 1994 haina faida kubwa peke yake. Thamani yake huongezeka kila mtu anapofika kwenye mti ule ule. Mnyororo ukikatika, miaka iliyopita bila kuandikwa hairudi.

6. Jicho la angani

Satelaiti za jamii ya Landsat zimeipiga picha dunia tangu 1972. Katika picha za Landsat zinazotumiwa leo, kila nukta huwakilisha mraba wa mita 30 kwa 30. Kwa njia hiyo shamba jipya, barabara ya wakata mbao au uwazi uliochimbwa kwa ajili ya dhahabu huonekana hata mahali ambapo hakuna mtafiti anayeweza kufika kwa usalama. Mawingu, ambayo ni mengi juu ya Bonde la Kongo, huzuia picha za kawaida. Kwa sababu hiyo hutumiwa pia satelaiti za rada, ambazo mawimbi yake hupenya mawingu.

Mipaka ya jicho hilo ni ile ile ya msafiri aliyetajwa mwanzoni. Kutoka juu, kukatwa kwa mti mmoja wa thamani kati ya mia huenda kusionekane. Parasolie zilizofunga shamba la zamani zinaweza kusomwa kama msitu uliopona. Tembo asiyekuwapo haachi alama katika picha. Kwa hiyo nafasi ya satelaiti ni kuonyesha mahali pa kwenda kutazama, na miguu ya mtafiti ndiyo inayothibitisha. Kazi hiyo ya ardhini imefundishwa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho wanafunzi wake hupima miti katika hifadhi ya Yoko, kwenye barabara ya Ubundu.

7. Yaliyojulikana kwa kurudi

Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya viwanja 244 vya misitu ya Afrika katika nchi 11, pamoja na vile vya Amazon. Yalionyesha kwamba misitu ya Afrika isiyoguswa ilifyonza kwa wastani tani 0.66 za kaboni kwa kila hekta kila mwaka katika miongo mitatu hadi 2015. Uwezo wa Amazon ulianza kupungua tangu miaka ya 1990. Ule wa Afrika ulidumu kwa muda mrefu zaidi. Lakini viwanja vilivyofuatiliwa kwa makini zaidi vilionyesha kwamba tangu karibu na 2010 vifo vya miti viliongezeka, na uwezo huo ulianza kushuka. Hakuna msafiri wala picha moja ambayo ingeweza kutoa habari hiyo. Ilipatikana kwa kurudi kwenye vibati vyenye namba.

Mwaka huo huo ilitangazwa habari ya Lopé, nchini Gaboni, ambako miti ya jamii nyingi imetazamwa kila mwezi tangu 1986. Kati ya mwaka huo na 2018 uwezekano wa kukuta matunda yaliyoiva ulipungua kwa asilimia 81. Picha za tembo zilionyesha kwamba tangu 2008 hali ya miili yao imeshuka kwa asilimia 11. Watafiti wanashuku joto la usiku, kwa kuwa miti mingine huhitaji usiku wa baridi ili itoe maua. Lopé ni hifadhi ya taifa. Msitu umesimama, lakini maana ya tatu ya uzima, yaani ukamilifu, imeanza kupungua ndani yake.

8. Lugha ya kipimo

Suala hili lina upande unaowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Watu wa kwanza kugundua kwamba msitu umebadilika ni wale wanaoula. Wambuti wa Ituri hujua mwaka wa asali kwa wingi wa maua ya miti mikubwa. Wanawake wa Kisangani wauzao viwavi hujua msimu wa Imbrasia oyemensis, kiwavi wa mti wa sapeli, na huona soko likichelewa au sapeli zikienda mbali na kijiji. Ujuzi huo ni ufuatiliaji, ingawa hauna daftari.

Ripoti za wataalamu, kwa upande wake, huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Zinapotafsiriwa kwa kinywa kijijini, maneno huteleza. Neno la Kifaransa linalotumiwa kwa ufuatiliaji linaweza kutafsiriwa kuwa ulinzi. Na katika nchi yenye hifadhi, mlinzi ni mtu mwenye bunduki anayekamata wawindaji. Anayesikia kwamba wageni wamekuja kwa ulinzi wa msitu ana sababu ya kuwaficha anachokijua. Hali kadhalika alama ya rangi juu ya shina: mtafiti huichora ili arudi kuupima mti, na kampuni ya mbao pia huchora alama juu ya mti itakaoukata. Bila maelezo, mwenye msitu hawezi kutofautisha rangi hizo mbili.

Kwa hiyo inafaa maneno yatengwe. Ulinzi ubaki kuwa kazi ya kuzuia madhara. Uchunguzi uwe kazi ya kutazama mara moja kwa makini. Ufuatiliaji, kutokana na kufuata, uwe kazi ya kurudi na kulinganisha. Kiwanja cha kudumu, mzingo, kipenyo na rika ni maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari. Majina ya miti kama mbau yaandikwe kandokando ya yale ya Kilatini, kwa kuwa ndiyo yanayomwezesha mzee wa kijiji kusahihisha kosa la mtafiti. Pale ambapo Kiswahili si lugha ya kwanza, kama ilivyo Yangambi na vijiji vingi vya kando ya mto, kazi hiyo hiyo yapaswa kufanywa kwa Kilingala na kwa lugha za wenyeji.

9. Hitimisho

Imeonekana kwamba msitu unaweza kusimama bila kuwa mzima, na kwamba upungufu wake hujitokeza polepole, kwa milimita na kwa misimu. Vifaa vya kuutambua ni vya aina nyingi, tangu utepe hadi satelaiti, lakini vyote hutegemea tabia moja ya kibinadamu, nayo ni kurudi. Wafanyakazi wa Yangambi waliandika maua ya miti bila kujua nani angewasoma, na wapimaji wa Ituri walirudi kwenye miti yao vita vikiwa havijaisha. Deni linalobaki ni kwa wanakijiji ambao watafiti huwauliza jina la mti, kisha huenda zao na jibu. Siku ambayo daftari la kiwanja litasomwa mbele yao kwa lugha yao, wataweza kusema wenyewe kama msitu wao ni mzima, na kwa ushahidi.